Koridoo ya Kwenda kwa Rachelle

Jumanne asubuhi, Ngoy Mukalay aliketi kizingitini pa nyumba yake, kiatu kimoja cha kazi mkononi, akamwita binti yake amletee brosi. Rachelle aliitika. Mukalay akasubiri. Alibandua matope yaliyoganda kwenye soli kwa kijiti, akafungua kamba na kuzifunga upya, akatazama basi la wafanyakazi likikata kona ya chini, na brosi haijafika. Binti alipotokea hatimaye alikuwa akihema, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Brosi moya njo inakukamata saa yote hii?"

"Koridoo inakuwa murefu, tata."

Mukalay alikuwa mkuu wa usalama wa kikosi katika mgodi mmoja wa shaba nje ya Kolwezi. Kazi yake ilikuwa kukagua kofia, mikanda na buti za wanaume kabla hawajateremka kwenye machimbo, na hakuna mwanaume aliyewahi kumjibu namna hiyo. Alimwambia Rachelle kwamba msichana wa miaka kumi na sita anayemjibu baba yake hivyo ataishia pabaya, kisha akapanda basi na kiatu kimoja kichafu.

Jioni aliporudi ndipo alipokwenda kuangalia. Koridoo ilikuwa imerefuka kweli.

Nyumba ilikuwa ya kambi, moja katika safu za nyumba zinazofanana zilizojengwa zamani kwa ajili ya wachimbaji: sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, na kati yao kipande cha koridoo ambacho mtu mzima akinyoosha mikono aligusa mlango wa huku na wa kule kwa mara moja. Sasa mlango wa Rachelle ulionekana mbali, mdogo kama kiberiti. Sakafu ilikuwa saruji ileile, na ufa wake uleule, ila ufa nao ulikuwa umeendelea mbele. Mukalay alitoka nje akazunguka nyumba. Huko hakuna kilichobadilika. Dirisha la Rachelle lilikuwa palepale kando ya mpapai, na vyuma alivyovitia yeye mwenyewe kuwazuia wezi.

Akamwita fundi Tshilombo, mwashi wa mtaa. Tshilombo aligongagonga kuta kwa nyundo ndogo, akatega sikio, akatembea kwenda na kurudi.

"Nyumba yako haina ugonjwa, tata," alisema. "Ni murefu tu. Lakini usiniambie niipake chokaa, sitaiweza."

Majirani walipopata habari walidhani Mukalay anachimba. Katika mtaa ule watu walishazoea kuinua sementi ya sebule zao na kufuata madini chini ya vitanda, kwa hiyo mkuu wa mtaa alikuja na tochi kutafuta shimo. Hakuliona. Alisema koridoo haikatazwi na sheria yoyote anayoijua, akanywa maji, akaenda zake.

Ni Agnès, mke wa Mukalay, aliyejua ilianza lini.

"Siku ya yenga," alisema, huku akisonga bukari. "Ile siku ulimupiga."

Jumapili ile Rachelle alikuwa amerudi jua limeshazama, na haikuwa mara ya kwanza juma hilo. Mukalay alimsubiri mlangoni. Hakumuuliza kitu. Alimpiga kofi moja, akasema, "Mu nyumba yangu, jua ikilala, mutoto anakuwa mu nyumba." Rachelle aliweka kiganja shavuni, akampita, akaingia ndani, na Agnès akiwa jikoni alisikia nyayo zake zikienda, zikienda, zikienda, hata akajiuliza huyu mtoto anakwenda wapi, ndipo mlango ukafungwa.

Mukalay hakuona kosa. Alikuwa amebeba wanaume kwenye machela kwa sababu ya mkanda ambao haukufungwa, na mkuu wa zamu siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe, wakati huo mtu mpole. Tangu hapo hakuwa mpole tena, na watu wake walirudi makwao na miguu yao yote. Kilichofaa kwa wanaume wenye sururu, hakuona kwa nini kisimfae msichana aliyerithi masikio yake. Alimpenda. Hilo nalo aliona halihitaji kusemwa, kama vile mtu hasemi kwamba paa liko juu.

Basi aliendelea. Alimkaripia kwa kuchelewa mezani, koridoo ikaongezeka. Alimkaripia kwa kukaa kimya, ikaongezeka. Rachelle alilazimika kuamka majogoo hayajawika ili awahi shule, akawa anasinzia darasani, pointi zake zikashuka, na Mukalay akamkaripia kwa ajili ya pointi.

Agnès naye alikuwa na njia yake. Mukalay alipomnyang'anya Rachelle simu, Agnès aliitoa kabatini akampelekea chini ya sahani. Mukalay alipouliza kama mtoto anasoma, Agnès alijibu anasoma, ingawa mwenyewe hakujua. Siku ya uongo wa kwanza koridoo ilipata kona. Siku ya pili ikapata nyingine, upande wa pili. Muda si mrefu hakuna mtu aliyeweza kusimama sebuleni akauona mlango wa Rachelle. Chakula alichopelekewa kilifika kimepoa, bukari imeota ngozi juu.

"Weye njo unamuharibia," Mukalay alimwambia mkewe.

"Na weye njo unamufukuza."

"Mi namufundisha."

"Basi umufundishe akiwa karibu."

Siku moja mezani Rachelle alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba dirisha lake sasa linatazama maji. Mukalay alifuatana naye. Kweli: ng'ambo ya vyuma palikuwa na ziwa la Nzilo, ukuta wa bwawa, na wavuvi wawili wakitoa wavu. Alivuta pazia. Alimwambia kwamba mtoto anayeangalia nje hasomi.

Lakini Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi, na Mukalay akatoka uani kutengeneza mbabula iliyotoboka, ya kupikia kwa makaa. Alikuwa anahangaika na bati, halishikiki, kila akipiga nyundo linateleza. Rachelle, aliyekuja kuteka maji, aliweka ndoo chini akalishika bati upande wa pili. Walifanya kazi hivyo muda mrefu, yeye akipiga, binti akigeuza, mpaka nyundo ilipokosea njia ikampata Mukalay kwenye dole gumba na yeye akaruka kwa mguu mmoja akiita watakatifu wote wa parokia. Rachelle akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mukalay alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye.

Kesho yake kona moja haikuwepo. Koridoo ilikuwa imejirudi, na Rachelle alifika mezani bukari ikiwa bado inatoa moshi.

Mukalay alifurahi kupita kiasi. Alilala akiwaza, na asubuhi alikuwa ameshapata namna ya kulinda faida ile. Alimwita Rachelle akamtangazia kwamba kuanzia sasa, kila Jumamosi, saa ileile, atatoka uani kumsaidia baba yake, bila kuchelewa na bila visingizio, na kwamba asipokuja ataadhibiwa.

"Ndiyo, tata," Rachelle alisema.

Jioni ile dirisha lake lilitazama mashamba ya muhogo karibu na Sandoa, mbali kupita ziwa.

Mukalay alikaa kitini na mikono imelala mapajani. Katika maisha yake yote hajawahi kuona kifaa kinachofanya kazi mara moja kisha kikakataa kwa mwendeshaji yuleyule, aliyekishika kwa namna ileile. Alimweleza hivyo Mama Annie, aliyeongoza mazungumzo ya wazazi baada ya misa.

"Sheria zako zibakie, Tata Mukalay," Mama Annie alimwambia. "Mutoto bila sheria anapotea. Lakini mbele ya kutoa sheria, uliza. Kiisha kuuliza, unyamaze, aseme. Nyumbani kwangu njo vile tunafanyaka."

Mukalay alikuwa amefika nyumbani kwa Mama Annie. Koridoo yake ilikuwa fupi, mtu aliweza kuongea na mtoto bila kuinuka. Aliona kwamba ni rahisi kushauri kutoka mahali kama pale. Hata hivyo siku yake ya mapumziko alifunga mkate katika gazeti, akajaza chupa ya maji, akaanza safari ya kwenda kwa binti yake na swali moja tu kichwani: *Rachelle, siku ile ulikuwa wapi?* Alilitamka njiani kwa sauti ya chini, akalilainisha, akaliona linafaa.

Kona ya kwanza aliipita vizuri. Baada ya kona ya pili mguu ulianza kumuuma. Mbele akakuta kandambili moja ya Rachelle, imeachwa katikati ya njia. Akaiokota. Mbele tena daftari, limefunguka, kurasa chini. Akaliokota. Akakuta taa inawaka mchana kweupe, na nyingine, na nyingine, taa ambazo hakukumbuka kuzinunua. Alipogonga mlango jua lilikuwa limeshapita utosini, shati limegandana na mgongo, na swali lake lilikuwa limebaki nyuma mahali fulani pamoja na upole wake.

Rachelle alifungua.

"Juu ya nini taa zote zinawaka muchana?" Mukalay alifoka.

Swali lile halikurudi. Alimpa mkate, akamkabidhi kandambili na daftari, akaanza kutembea. Kurudi kulimchukua muda mrefu zaidi.

Sasa dirisha lilitazama Dilolo. Rachelle aliona stesheni, mabehewa yamesimama, na wanawake waliobeba vitunguu na samaki wakavu kutoka Angola. Mchana aliwasikia wakipatana bei. Shuleni aliacha kwenda, kwa kuwa hata angetoka jana yake asingefika. Alisoma peke yake. Jumapili aliweza kuwahi misa ikiwa ameanza safari Ijumaa.

"Kiisha Dilolo ni mupaka," Agnès alisema. Hakuwa anapika wala kufua. Alikuwa amekaa tu. "Ngoy, unanisikia? Akivuka pale, hatutakuwa naye tena mu inchi."

"Nasikia."

"Basi usiseme kitu. Mwezi moya. Unyamaze tu."

"Mutoto hafundishwe na kimya."

"Hata na kelele hafundishwe. Tunaona."

Alijitahidi. Alikuwa na uchovu mwingi wa kunyamaza, mkubwa kuliko wa zamu ya usiku, lakini alinyamaza, na dirisha likabaki Dilolo. Lingebaki, pengine, kama asingepita sokoni siku ile ya mshahara kununua sabuni.

Mwanamke mmoja mwenye nguo nyeusi za kufiwa aliacha meza yake ya dagaa akamfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alijitaja kuwa Mama Kapinga, mama wa Mbelu, anayesoma na Rachelle.

"Tata, sijue nikushukuru namna gani," alisema. "Wakati Badibanga wangu, baba ya Mbelu, alianguka mu shimo na kufa, bantu balikuya kulia, balikula, balienda. Mutoto wako, kila siku kiisha masomo, alikuya. Alisafisha masahani, alichota maji, alilala pembeni ya Mbelu mpaka Mbelu anapata usingizi, kiisha anaenda. Mpaka siku ya yenga, njo ilikuwa siku ya mwisho ya kilio. Ni nani alimupatia roho ile? Niliambia bantu: ni baba yake. Ile ni mutoto anafundishwa muzuri."

Mukalay alijibu kwamba Mungu amfariji. Alisahau sabuni. Alitembea mpaka kambini kwa miguu, mabasi yakimpita, na Mama Kapinga hakutoka kichwani mwake, hasa neno lile *muzuri*.

Agnès alikuwa anaanika nguo.

"Ulijua?" alimuuliza. "Kilio ya kwa Mama Kapinga. Ulijua kama alikuwa kule?"

Agnès alikung'uta shati, akalitundika.

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikatazaka asifike kwa bachimbaji ba mashimo ya kujichimbia. Ningekuambia, ungekataza na kilio. Nilimuambia aende tu, nitanyamaza."

"Na ile siku nilimupiga? Ulikuwa pale!"

"Nilikuwa pale," Agnès alisema, na mikono yake ikabaki kwenye kamba.

Aibu ilimpanda Mukalay. Haikuwa na pengine pa kutokea ila mdomoni, na mdomo wake ulijua njia moja tu. Aliingia ndani, akasimama mwanzo wa koridoo, akapiga kelele kwa nguvu zote alizonazo:

"Rachelle! Juu ya nini haukusema? Weye hauna kinywa? Juu ya nini haukusema?"

Sauti ilikwenda. Iligonga kona ya kwanza, ikapinda, ikaendelea, na muda mrefu walikuwa bado wanaisikia ikipungua. Jibu halikuja. Kilichokuja, jua lilipokuwa linazama, ni upepo uliokuwa na harufu ya samaki wakavu, na nyuma yake honi ya treni, nyembamba, kutoka ng'ambo ya mpaka.

Agnès alifunika uso kwa kitenge.

Mukalay alinunua baiskeli. Hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Jumamosi, kulipopambazuka, aliivuta ndani, akaipitisha sebuleni, akapanda mwanzo wa koridoo akiwa amevaa shati la misa. Safari hii hakuwa na swali. Alikuwa na sentensi, na aliinyonga baiskeli huku akiirudia: *Nilikupiga bila kukuuliza, na haikuwa muzuri.* Alipoona taa zinawaka hakuzitazama. Aliona daftari, akalikwepa. Pale mguu ulipomuuma alipumzika, akanywa maji, akairudia sentensi, ikawa bado nzima. Alipita kona alizozijua na nyingine ambazo hakuzijua. Hewa ilibadilika. Saruji ya sakafu ilikuwa na vumbi jekundu lililoingia kutoka mahali.

Baada ya kona ya mwisho koridoo ilikuwa imezibwa kwa mti uliolazwa juu ya madumu mawili. Kando palikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana mwenye kofia ya uhamiaji, ameweka redio ndogo karibu na muhuri. Alisimama kwa heshima.

"Jambo, tata. Karatasi."

Mukalay alimpa kadi yake. Kijana aliisoma pande zote mbili.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa mutoto wangu. Mulango ule pale."

"Eko ngambo?"

"Tangu juma iliyopita."

"Njo vile. Batoto wengi sasa beko ngambo." Kijana alivuta muhuri karibu. "Sababu ya safari?"

Mukalay alikuwa nayo. Ilikuwa kinywani, imeiva, maneno yake yote yakiwa yamepangwa. Lakini kijana yule alimtazama kama wanavyomtazama watu wake wa mgodini asubuhi, kabla ya kuteremka, wakiwa wamenyoosha miguu ili aone buti. Alikuwa kijana mwenye kofia na kazi, na Mukalay alikuwa mtu mzima mwenye shati la misa.

"Ni biashara?" kijana alimsaidia. "Ugonjwa? Kilio? Ao familia? Kama ni familia, uniambie ni ya nini."

"Kontrole," Mukalay alisema, neno lake la ukaguzi wa kazini.

Kijana aliitika kwa kichwa. Ilikuwa sababu aliyoielewa mara moja. Akapiga muhuri, akainua mti.

Rachelle alikuwa amekaa dirishani. Alikuwa amerefuka, au amekonda, Mukalay hakuweza kupambanua. Nyuma ya vyuma palikuwa na mtaa wa Angola, na watoto wa shule wamevaa makoti meupe, wengine wakimpungia mkono Rachelle kama mtu wanayemjua. Alipomwona baba yake alisimama wima, mikono nyuma.

"Bom dia, tata," alisema kwa Kireno, kisha akajisahihisha. "Jambo, tata."

"Jambo."

Mukalay alitazama chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Madaftari yalikuwa yamepangwa, nguo zimekunjwa, ndoo ya maji imefunikwa. Alikwenda dirishani akatikisa vyuma kimoja kimoja. Vyote vilikuwa imara. Alipitisha kidole juu ya meza, hakuna vumbi. Alitafuta, na alitafuta kwa makini, kwa sababu alijua akipata kosa dogo tu atakuwa na la kuanzia, na baada ya hapo pengine ile sentensi ingefuata. Hakulipata.

Alisimama katikati ya chumba. Rachelle alisubiri. Shavu lake la kushoto lilikuwa laini, halina alama yoyote, na Mukalay alijikuta akiliangalia hilo tu.

"Kuko kintu ingine, tata?"

"Hapana," alisema. "Kila kintu iko sawa."

"Basi njia muzuri. Musalimie mama."

Rachelle alifunga mlango kwa utaratibu, kama walivyomfundisha.

Kwenye meza kijana wa uhamiaji alizima redio, akapiga muhuri wa kutoka, na kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka akamuuliza kama ana kitu chochote cha kutangaza.

Mukalay alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Aligeuka akautazama mlango ule, hata kijana akainua macho.

"Hapana," akasema. "Sina kintu."

Mti ukainuliwa. Mukalay akapanda, akaanza kunyonga kuelekea Kolwezi, na njia, kama alivyotarajia, ilikuwa ndefu kuliko alipokuja.